Kuijua Kazi kwa Kumhoji Anayeifanya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa na walimu, washauri wa wanafunzi, wazazi na wanafunzi wenyewe wanapoandaa mahojiano na watu walio kazini. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito.

Mahojiano haya ni ya namna gani?

Ni mazungumzo mafupi, kwa kawaida ya dakika 20 hadi 30, ambamo mwanafunzi humwuliza mtu aliyemo kazini namna kazi yake inavyokwenda siku hadi siku: anafanya nini, anashirikiana na nani, aliingiaje katika kazi hiyo, kipi kinamchosha na kipi kinamfanya aendelee. Si usaili, kwa kuwa hakuna nafasi inayogombewa wala mtu anayepimwa. Wala si hotuba ya mgeni aliyealikwa shuleni, kwa sababu mgeni anayehutubia huchagua mwenyewe la kusema, na aghalabu huchagua linalopendeza, ilhali hapa mwenye kuchagua ni mwanafunzi. Tofauti hiyo ndiyo inayoyapa mahojiano thamani yake, na ndiyo inayopotea upesi pale mwanafunzi anapokwenda bila maandalizi na kumwachia mwenyeji wake aongee apendavyo.

Kwa nini mwanafunzi amhoji mtu, ilhali maelezo ya kazi yapo vitabuni na kwenye intaneti?

Maelezo hayo yanahitajika, na mwanafunzi anapaswa kuanzia hapo. Hata hivyo, yameandikwa kueleza kazi kwa ujumla, na kazi haifanywi kwa ujumla. Maelezo yatasema kwamba mhasibu huandaa taarifa za fedha. Hayatasema kwamba sehemu kubwa ya mwisho wa mwezi huenda ikaishia katika kuwafuatilia watu wasiowasilisha stakabadhi zao kwa wakati. Mwanafunzi anayependa hesabu na kuchukia kuwasumbua watu anahitaji kulijua jambo hilo kabla ya kuchagua masomo yake.

Wazo lenyewe si geni. Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata baada ya kifo chake, alisema kwamba uchaguzi wa busara wa kazi unategemea mambo matatu: mtu kujifahamu, kuifahamu kazi pamoja na masharti na hali zake, na kufikiri sawasawa juu ya uhusiano wa hayo mawili. Shule nyingi hushughulikia jambo la kwanza kwa madodoso ya vipaji na mapendeleo. La pili huachwa mikononi mwa uvumi.

Lipo pia tatizo la upeo. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha kazi wa Shirika la Kazi Duniani, toleo la mwaka 2008, una makundi madogo 436 ya kazi. Wanafunzi huona sehemu ndogo sana ya wigo huo. Katika utafiti wa PISA wa mwaka 2018, unaopima wanafunzi wa miaka 15 katika nchi mbalimbali, OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, iliona kwamba katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 walitarajia kufanya mojawapo ya kazi 10 tu zinazopendwa zaidi watakapofika miaka 30. Si rahisi kuamini kwamba vijana hao walizilinganisha kazi zote na kuzikataa zilizobaki; huenda nyingi hawakuwahi kuzisikia.

Mwanafunzi aanze akiwa na umri gani?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Uingereza, vigezo vinane vya ushauri wa kazi vilivyotolewa mwaka 2014 na Gatsby, taasisi ya hisani, vilipendekeza kwamba kila mwanafunzi, kuanzia umri wa miaka 11, akutane kwa maana na mwajiri au mwajiriwa angalau mara moja kwa mwaka. Kwa watoto wadogo, kinachofaa ni darasa zima kumhoji mgeni mmoja kwa maswali waliyoyatunga pamoja. Mahojiano ya mwanafunzi mmoja na mtu mmoja yanafaa zaidi pale anapokaribia kuchagua mkondo wa masomo, kwa kuwa wakati huo maswali yake yana sababu.

Ahojiwe nani?

Kosa la kawaida ni kumtafuta mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Mkurugenzi wa hospitali anafahamu mengi, lakini siku yake haifanani na siku ya mfamasia aliyeanza kazi mwaka juzi, na mwanafunzi akiingia katika fani hiyo ataanza kama huyo mfamasia. Mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili hadi mitano anafaa sana kwa mahojiano ya kwanza, kwani bado anakumbuka kilichomshangaza alipoanza, na njia aliyopita kuingia kazini haijabadilika mno. Mtu wa miaka 20 kazini anafaa kwa maswali mengine: namna kazi ilivyobadilika, watu huhamia wapi wakiiacha, na mwili au familia inaathirika vipi baada ya muda mrefu.

Inafaa pia kuwatafuta wale wasioonekana. Kila kazi yenye jina kubwa imezungukwa na kazi nyingine ambazo bila hizo haiendi. Rubani hawezi kuruka bila mafundi wanaokagua ndege na waongozaji wa safari za anga. Jengo la mhandisi halisimami bila mpima ardhi na fundi umeme. Mwanafunzi anayesema anataka kuwa rubani apewe pia jina la mmoja wa hao. Tumeona mara nyingi kwamba jina hilo la pili ndilo linalomfungua macho.

Je, kama mwanafunzi hamjui mtu yeyote katika kazi anayoifikiria?

Hali hii ni ya kawaida, na ndiyo sababu mpango huu usiachiwe familia peke yake. Mtoto wa daktari atamhoji daktari hata shule isipofanya lolote. Asiye na jamaa wa namna hiyo anategemea shule imfungulie mlango.

Utafiti wa mwanasosholojia Mark Granovetter, uliochapishwa mwaka 1973, unasaidia kuonyesha pa kutafuta. Aliwauliza watu waliokuwa wamepata kazi kupitia mtu waliyemfahamu walikuwa wakikutana naye mara ngapi. Zaidi ya nusu walisema walikutana naye mara moja moja tu, na zaidi ya robo walisema kwa nadra sana. Waliokutana naye mara kwa mara walikuwa wachache kuliko wote. Sababu inaeleweka: watu wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi, na habari mpya hutoka kwa watu wa mbali kidogo. Basi mwanafunzi asiishie kwa wazazi na majirani. Aulize wanafunzi wa zamani wa shule yake, wazazi wa wanafunzi wenzake, watu wanaofanya kazi na mjomba au shangazi, na vyama vya wanataaluma, ambavyo vingi vina mtu wa kujibu maombi ya namna hii. Shule itafanya vyema kuweka daftari la watu waliokwisha kukubali kuhojiwa, pamoja na kazi zao na mara ya mwisho walipoombwa, ili mtu mmoja mkarimu asiombwe na darasa zima katika wiki moja.

Aombe vipi?

Kwa ufupi na kwa uwazi. Ujumbe mzuri unamweleza mpokeaji anayeomba ni nani, amelipataje jina lake, anataka nini na kwa muda gani, na unamrahisishia kukubali au kukataa. Mfano:

"Ndugu (jina), naitwa (jina), mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari. Ninafikiria kusomea upimaji wa ardhi, na nimepata jina lako kutoka kwa mwalimu wangu wa jiografia. Naomba dakika 20 za muda wako nikuulize namna kazi yako inavyokwenda. Siombi ajira wala nafasi ya mafunzo. Ninaweza kufika ofisini kwako siku yoyote baada ya saa tisa alasiri, au tuzungumze kwa simu ukiona hivyo ni rahisi zaidi. Ukiridhia, nitakutumia maswali mapema. Mwalimu wangu amenakiliwa katika ujumbe huu."

Asipojibiwa ndani ya wiki moja, akumbushe mara moja tu, kwa adabu, kisha amtafute mwingine. Kimya cha mtu mwenye shughuli nyingi si dharau, na mwanafunzi aambiwe hivyo kabla hajaanza ili asivunjike moyo.

Ajiandae vipi kabla ya siku yenyewe?

Asome maelezo ya msingi ya kazi hiyo na ya taasisi anakofanyia mhojiwa, kisha aandike katika nusu ukurasa anavyodhani kazi hiyo ikoje. Andiko hilo lihifadhiwe bila kusahihishwa, maana litahitajika baadaye. Kisha atunge maswali kati ya manane na kumi na kuyapanga kwa umuhimu, kwa kuwa muda wa nusu saa hutosha maswali matano au sita yaliyojibiwa vizuri. Swali lolote ambalo jibu lake linapatikana kwa urahisi mahali pengine liondolewe.

Ni maswali gani yanayozaa majibu yenye manufaa?

Hapa ndipo mahojiano mengi yanapofaulu au kuharibika, na ushauri wetu ni mmoja: mwanafunzi aulize kuhusu matukio kabla ya kuuliza kuhusu maoni. Mtu akiulizwa "Unaipenda kazi yako?" au "Una ushauri gani kwa vijana?" atatoa jibu la adabu, na majibu ya adabu yanafanana katika kazi zote: fanya bidii, jiamini, usikate tamaa. Hakuna uongo ndani yake, lakini hayamsaidii mwanafunzi kutofautisha uuguzi na uhandisi.

Akiulizwa kuhusu jana, hana budi kukumbuka. "Jana ulianza na shughuli gani, na ilifuatiwa na ipi?" Muuguzi aliyeombwa kueleza kazi yake kwa ujumla atasema kwamba ni kazi ya huruma. Muuguzi yuleyule, akiulizwa kuhusu zamu yake ya mwisho, atasimulia alivyowakabidhi wagonjwa kwa wenzake, alivyohakiki dozi mara mbili, alivyowatuliza ndugu wa mgonjwa waliokuwa wakali, na muda alioutumia kujaza kumbukumbu. Katika masimulizi hayo mwanafunzi anaiona huruma, lakini pia anauona umakini, uandishi, subira na miguu inayouma.

Mbinu hii ina asili ya kitaaluma. Mwanasaikolojia John Flanagan alichapisha mwaka 1954 njia ya kuchunguza kazi kwa kukusanya matukio mahususi ambamo mtu alifanya vizuri sana au vibaya sana, njia iliyokuwa imekuzwa katika uchunguzi wa kazi ya marubani wa jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwanafunzi hahitaji kuijua kwa undani; inatosha auombe mfano kila anapopewa neno la jumla. Mhojiwa akisema kwamba kazi yake inadai uvumilivu, swali linalofuata ni: "Ni lini mara ya mwisho uvumilivu ulihitajika, na ilikuwaje?"

Maswali mengine yaliyozaa matunda ni haya. Ni jambo gani lilichukua muda mwingi wiki iliyopita kuliko ulivyotarajia? Ni kosa gani ambalo mtu mpya hulifanya, na nani hulirekebisha? Ukikwama, unamwendea nani? Katika masomo uliyosoma, ni lipi unalitumia kila siku, na ni lipi hujaligusa tangu uhitimu? Ni mtu wa tabia gani huichoka kazi hii mapema? Swali la mwisho linastahili kuulizwa karibu kila mara, kwa sababu linamruhusu mhojiwa kueleza ugumu wa kazi bila kujilalamikia.

Kuhusu mustakabali wa kazi na teknolojia mpya, mwanafunzi asimwombe mhojiwa atabiri. Amwulize kilichobadilika katika miaka mitano iliyopita, na anafanya nini leo ambacho hakukifanya alipoanza.

Je, ni utovu wa adabu kuuliza mshahara?

Kuuliza mshahara wa mhojiwa mwenyewe, ndiyo. Kuuliza kiwango ambacho anayeanza anaweza kutarajia, na kinavyobadilika baada ya miaka kadhaa, si kosa, hasa swali likija mwishoni na likitanguliwa na ruhusa. Mwanafunzi aulize pia mambo yanayoandamana na malipo, ambayo mara nyingi yana uzito kuliko kiasi chenyewe: mkataba ni wa kudumu au wa msimu, saa za kazi ni zipi, likizo ikoje, na gharama zipi mtu huzibeba mwenyewe, kama vile vifaa, leseni au usafiri.

Yafanyike ana kwa ana, kwa simu au kwa maandishi?

Ana kwa ana mahali pa kazi, ikiwezekana, kwa kuwa mwanafunzi huona mengi asiyoyauliza: kelele, mavazi, jinsi watu wanavyosemeshana, nani amesimama na nani ameketi. Simu ya kawaida au ya video inafuata. Maandishi yawe njia ya mwisho, kwani majibu huja yamepigwa pasi na nafasi ya kuuliza swali la nyongeza hupotea.

Anaweza kurekodi?

Kwa ridhaa tu, inayoombwa kabla ya chombo kuwashwa, na baada ya kueleza nani atasikiliza na rekodi itafutwa lini. Mhojiwa akisita, mwanafunzi aiweke simu kando na aandike kwa mkono. Kurekodi hakumwondolei wajibu wa kuandika, maana anayetegemea rekodi huacha kusikiliza. Na jina la mteja, mgonjwa au mwenzake wa mhojiwa likitajwa kwa bahati mbaya, lisiingie katika andiko lolote.

Usalama wa mwanafunzi unalindwaje?

Kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi na shule wajue jina la mhojiwa, mahali na saa. Mahojiano yafanyike mahali pa kazi katika saa za kazi au mahali pengine penye watu, kamwe si nyumbani kwa mhojiwa. Wanafunzi waende wawili wawili. Mmoja anauliza, mwingine anaandika, na mpango huo hunufaisha mahojiano hata pale ambapo usalama si tatizo. Mawasiliano yapitie anwani ya shule au yanakiliwe kwa mwalimu. Mhojiwa akihamishia mazungumzo kwenye mambo ya binafsi, mwanafunzi ana haki ya kuyakatisha na kuondoka, na aambiwe wazi mapema kwamba hatalaumiwa kwa kufanya hivyo.

Mwanafunzi mwenye haya afanyeje?

Aanze na mtu anayemfahamu, hata kama kazi ya mtu huyo haimvutii, na afanye mazoezi na mwenzake darasani. Kuwa na maswali yaliyoandikwa mkononi si aibu. Kwa kweli wanafunzi wakimya huwa wahojaji wazuri, kwa sababu huvumilia kimya kifupi baada ya jibu, na mhojiwa hukijaza kwa jambo ambalo hakukusudia kulisema.

Awahoji watu wangapi?

Wasipungue wawili kwa kila kazi, na watatu ni bora zaidi. Mtu mmoja anaweza kuisifia kazi yake kwa kuwa amepandishwa cheo juzi, au kuiponda kwa kuwa ana msimamizi mgumu. Wote watatu wakikubaliana juu ya jambo, jambo hilo linaelekea kuwa la kazi yenyewe. Wakitofautiana, huenda linatokana na mahali pa kazi au tabia ya mtu, na mwanafunzi amepata swali jipya la kuchunguza: ni mahali pa namna gani pangemfaa yeye?

Nini kifanyike baada ya mahojiano?

Siku hiyohiyo, mwanafunzi akamilishe maandishi yake kabla kumbukumbu haijafifia. Ndani ya siku mbili atume shukrani inayotaja jambo moja mahususi alilojifunza. Kisha achukue lile andiko la nusu ukurasa aliloliandika mwanzoni na kulilinganisha na aliyoyasikia: kipi alikidhani sawa, kipi alikikosea, na kipi bado anahitaji kukihakikisha.

Kipengele hiki cha kuhakikisha kisipuuzwe. Mhojiwa ni shahidi mzuri wa kazi yake, lakini si lazima awe shahidi mzuri wa njia ya kuifikia leo. Aliyeingia kazini miaka 15 iliyopita kwa cheti anaweza kuamini kwa dhati kwamba cheti bado kinatosha, wakati sifa za kujiunga zimepanda. Masharti ya masomo, leseni na mitihani yatafutwe kwenye chuo au bodi inayohusika.

Mwalimu atoe alama kwa msingi gani?

Kwa ubora wa maandalizi, maswali ya nyongeza na ulinganisho, kamwe si kwa hadhi ya mhojiwa. Shule ikianza kuwatunuku wanaowapata watu mashuhuri, itakuwa inapima watu ambao wazazi wanafahamiana nao.

Vipi mwanafunzi akigundua kwamba haitaki tena kazi aliyoiota?

Mahojiano yamefanya kazi yake, na kwa gharama ndogo kuliko miaka mitatu ya chuo. Mwalimu asiharakishe kumbembeleza wala kumpa ndoto mbadala. Amwulize ni sehemu ipi hasa iliyomkatisha tamaa. Aliyekimbia udaktari kwa sababu ya zamu za usiku hajaikimbia tiba. Anaweza kuzungumza na mtaalamu wa maabara. Aliyeukimbia kwa sababu ya kukabiliana na watu wenye huzuni kila siku anahitaji mazungumzo ya namna nyingine.

Nimeombwa kuhojiwa na mwanafunzi. Nijiandae vipi?

Usiandae hotuba. Pitia shajara yako ya wiki iliyopita ili uweze kutaja mambo uliyoyafanya kweli, na ukiweza mwonyeshe kitu: ramani, fomu tupu, kifaa, ratiba ya zamu. Sema ukweli kuhusu sehemu zinazochosha; kijana anayefichwa ugumu wa kazi ataukuta mbele akiwa amekwisha kulipia masomo. Usimwambie achague kazi gani, hata akikuomba. Akikuuliza jambo usilo na uhakika nalo, kwa mfano ada au sifa za kujiunga za sasa, mwambie huna uhakika na umtajie ofisi inayohusika. Na kabla hajaondoka, mpe jina la mtu mmoja anayeifanya kazi yako kwa namna tofauti na yako, baada ya kumwomba mtu huyo ruhusa.